Namba Chini ya Picha za Mboni

Jumapili, 3 Machi

Siku ya arobaini na moja ya ndoa! Bado nazihesabu. Jina lake silitumii tena, namwita Mboni, maana ndiye mboni ya jicho langu.

Leo nimemaliza tovuti yake. Picha sitini! Yeye anapiga, mimi nazisafisha kwenye kompyuta – kazi hiyo kanikabidhi tangu fungate, ati nina mkono mwepesi. Hupiga nyeupe pe, kama za peponi, nami nazipunguza mwanga. Na leo kabadilisha tena balbu ya chumbani. Ya tatu! Anasema anataka auone uso wangu vizuri. Jamani, mume huyu nimempata wapi?

Jumanne, 5 Machi

Mhariri wa jarida kapiga simu! Anatafuta mpiga picha wa kudumu, na za Mboni zimemkuna. Ila anataka chini ya kila picha kuwe na mipangilio ya kamera: kasi, tundu la lenzi, ISO. Anasema picha moja nzuri hata bahati hupiga, fundi huonekana kwenye namba.

Nilidhani Mboni ataruka kwa furaha. Kafuta lenzi kwanza. Halafu kasema mpishi haonyeshi mwiko. Nikamwambia asione haya, nikabonyeza kitufe kimoja tu – kumbe namba zimo ndani ya picha zenyewe! Zikajipanga kama wanafunzi mstarini. Nzuri hizo! Sikujua hata moja ina maana gani.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa zamani aliyemfundisha Mboni kazi kaandika kwenye tovuti, chini ya picha moja ya mechi ya mpira: “Mwanangu, ISO 6400 jua la utosi? Ulipigia ndani ya gunia?”

Nikacheka. Nikampigia anieleze. Kasema ISO ni dawa ya giza, unaipandisha pale usipoona. Mchana wa jua mia moja yatosha.

Nikazipanga picha kwa tarehe. Mwaka juzi mia moja, mia moja, mia mbili. Mwaka jana mia nane. Kisha elfu moja na mia sita. Kisha ile yangu ya dirishani, asubuhi ya kwanza ya ndoa, iliyokuja nyeupe hadi pua haionekani. 6400.

Mimi nilidhani ni mapenzi.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi yangu, dada yake Mboni, kaja kutusalimia. Tulikuwa tunakunja nguo. Nikamuuliza kama utani kuhusu baba mkwe, ambaye ni kipofu: macho yalimpoteaje? Kasema hakulalamika hata siku moja. “Alisema tu nyumba ina kiza. Tukabadilisha balbu wee, tukachoka.”

Nikaendelea kukunja. Shati moja nimelikunja mara nne.

Kwa hiyo sina mkono mwepesi. Wiki zote hizi nilikuwa namfichia, mimi mwenyewe, bila kujua! Na yeye anajua. Ndiyo maana mpishi hakutaka kuonyesha mwiko.

Nikafanya ujinga. Alipokwenda kuoga niliifungua tovuti nikafuta namba na kuandika zangu. 6400 ikawa 100. Picha kumi na tisa. Ile kazi anaiota hata akiwa macho – nitamnyima kwa mkono wangu?

Saa kumi mhariri kapiga simu. Kafurahi mno. Sasa hizo ndizo namba za fundi, kasema. “Kesho aje apige mbele yangu,” kaongeza.

Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu asubuhi. Nimekaa kitandani. Pazia nimelifungua lote, jua limejaa chumba kizima.

Nilisema tuahirishe. Kasema bahati haibishi hodi mara mbili. Nilisema macho yako... akaninyamazisha kwa busu, likatua sikioni. Tukacheka wote wawili. Mimi nikakimbilia kuandika hapa, maana nikifungua mdomo nitalia.

Kavaa shati lile la mara nne. Anapendeza, jamani, anapendeza! Kaiweka kamera hapa kitandani, kaenda kutafuta viatu akipapasa kwa mguu. Sasa amesimama.

“Mpenzi, wewe unayeona vizuri. Nisomee hapo ISO ni ngapi.”

Naiona. 12800.

Ananingoja. Anatabasamu vizuri kabisa, kichwa kakiinamisha kidogo kama kawaida yake, analitazama gauni langu lililotundikwa mlangoni.