Kuhesabu Pumzi Bila Mgonjwa Kujua

Baba,

Nimeanza kazi wodini. Najua ungeuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Mama hajambo, na duka la vitambaa pale mjini analiendesha Kaka Salim. Wateja wako wa zamani bado wanaingia wakikuulizia.

Nina jambo la kukuhadithia wewe, kwa kuwa ndiwe uliyezivumilia "kwa nini" zangu. Sista Kanini, msimamizi wa wodi yetu, alinifundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba, alisema, kina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe. Kisha akaniambia la ajabu zaidi: mgonjwa asijue unahesabu pumzi zake. Akijua tu, zinabadilika. Moyo hauamrishiki, lakini pumzi ikitazamwa inaona haya. Kwa hiyo ukimaliza mapigo, endelea kuushika mkono, macho yahamie kifuani.

Nilijaribu nyumbani, nikajiambia nipumue kawaida. Baba, nilisahau kawaida ikoje! Mama akaniuliza kama nimeshikwa na pumu.

Halafu akaja mzee mmoja wa Muthangari, mcheshi kama wewe, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya kuruhusiwa alikuwa ameshavaa koti, amejilaza akimsubiri mwanawe. Homa hana, mapigo yamepanda kidogo tu. "Binti, umenishika mkono sana, mke wangu atasikia," akanitania. Nikacheka, huku nahesabu. Kifua chake kilikwenda mbio kama cha mtu aliyepanda ngazi, naye amelala. Nikahesabu tena, dakika nzima. Niliogopa kuonekana mjuaji, lakini nikamwita Sista. Naye akahesabu.

"Mzee haendi popote leo," akasema. "Mwite daktari."

Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa kwenye pafu. Walimtibu mapema. Alipokwenda kwake hatimaye, alitembea kwa mkongojo akiwatania walinzi mlangoni.

Siku hiyo nikapata ujasiri wa kumuuliza Sista swali nililolibeba tangu ututoke. Ulipovuta pumzi ya mwisho, mkono wako ulikuwa mkononi mwangu. Wote walisema umekwenda. Lakini mimi nilihisi mshipa wako bado unapiga, kwa unyonge, ukiruka, ukirudi... Nikainama nikakutamkia shahada sikioni, ili uondoke umeisikia. Shangazi akanivuta taratibu: "Mwanangu, umechelewa." Neno hilo, Baba. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Sista aliniuliza nilikushika vipi, kwa vidole gani, nikamwonyesha kwenye mkono wake: vidole viwili, si gumba.

"Moyo unaweza kuendelea kidogo baada ya pumzi kukatika," akasema. "Inawezekana kabisa ulikuwa mshipa wake."

Nikamuuliza kama ulinisikia. Hilo hajui. Nami sijui, na bado natamani kujua. Ningekuwa nawe ningekuuliza usiku kucha. Lakini nilimpigia Shangazi, nikamweleza. Nikamsikia analia. "Basi ulimwahi," akasema.

Kwaheri, Baba yangu. Allah akupe nafasi na nuru hapo ulipo. Nakuahidi hivi: kila nitakayekaa naye akiaga dunia, nitamsemesha kwa jina lake, hata wote chumbani wakiniambia hasikii tena.

Binti yako,
Zainabu