Chuma cha kushikilia bafuni

Shoga upo? Mwenzio nina hasira, hata herufi sizioni vizuri.

Si nilikwambia mke wa mwanangu anatengeneza bafu langu upya? Leo limekwisha. Na kile chuma cha kushikilia ukutani ameking'oa! Kile alichokifunga marehemu baba watoto goti langu lilipoharibika.

Nimeingia kuoga, nanyoosha mkono, hamna kitu. Hamna! Nusura nianguke uchi wa mnyama kwenye vigae vyake vya kijani.

Namuuliza, chuma changu kiko wapi? Eti, "Mama, kilikuwa kinaharibu mtindo." Mtindo gani? Ananionyesha picha kwenye simu, kabati la mbao lenye vijiguu vyembamba, kioo cha duara. "Hii ni ya miaka ya hamsini na sitini, Mama. Vya zamani ndivyo vinavyopendwa sasa."

Vya zamani! Na mimi si wa miaka hiyohiyo? Mbona sipendwi?

Sikia sasa. Akaniambia, "Usijali, ukitaka kuoga utaniita nikushike."

Nikushike! Shoga, mimi nimwite mkwe anishike nikiwa uchi? Unanijua nilivyo mvumilivu. Basi uvumilivu umeishia hapo.

Nimempigia fundi arudi na drili, na sasa hivi anatoboa ukuta akifunge tena chuma changu. Mkwe kasimama mlangoni analia kama kuna msiba, "Mama, vigae vitabaki na matundu!"

Nimemwambia na vibaki. Fundi akimaliza naingia kuoga, na mlango naufunga kwa ndani.