Gari la Mazin Juu ya Mawe

Buguruni, Dar es Salaam

Dada Huda,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na mke wangu Badria anauza chapati nje ya gereji yangu.

Aliyekuwa mumeo, Mazin, aliniletea gari lake. Gia zilikuwa zinagonga. Nikalipandisha juu ya mawe, nikamwaga oili na kushusha valvu bodi, kile chuma chenye vijia vya oili kinachobadilisha gia. Nikamtuma Kariakoo akanunue nyingine.

Aliporudi wingu lilishatanda. Ningeweza kuifunga kabla ya mvua. Badala yake niliifuta polepole, nikakaza bolti kwa mkono, nikazilegeza, nikaanza upya. Mvua ikanyesha, na maji yalipoingia uani, mimi na mafundi wangu tulisukuma magari yote hadi barabarani isipokuwa lake.

"Shemeji, nisaidieni kulishusha," alisema, maji yakiwa magotini.

"Siku ya mafuriko ya Jangwani uliwahi kutoa gari," nikamjibu, "ukamwacha dada yangu na kichanga juu ya meza. Majirani ndio waliowabeba. Leo pia litoe mwenyewe."

Hakuna fundi aliyesogea. Tulisimama barazani tukitazama maji yakipanda hadi kwenye viti vya gari lake, na moyo wangu ukatulia.

Baadaye alikuja kukaa kando yangu, ameloa chepechepe.

"Huda aliniita siku ile?" akauliza.

"Aliita mpaka sauti ikamkauka."

Akainama, akalia. Sasa anataka kuja huko Tanga kukuomba radhi. Akibisha hodi, usimfungulie.

Mdogo wako anayekupenda,
Salem