Kipande Kitupu cha Filamu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Chiriku amenifunika jicho sasa hivi kwa kipande cha filamu. Kile kitupu cha mwanzoni, cha rangi ya chungwa, kisicho na picha. Kwanza alikichungulia mwenyewe, akanitazama, akacheka hadi akakaa chini. "Mama chungwa!" Akakitoa. "Mama." Akakirudisha. "Mama chungwa!" Mara kumi. Hata miaka mitatu hajatimiza, mwanangu huyu. Mdomo haupumziki!

Vipande namletea kutoka kazini, studio ya picha ninakofagia. Bosi anavikata kwa mkasi na kuvitupa. Havina picha, anasema, vya nini? Huo mkasi ndio utaalamu wake.

Leo kazini, aibu. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, alikuja kuchukua picha ya marehemu mama yake. Picha anayo hiyo moja tu duniani, iko kwenye filamu ya zamani. Bosi aliiingiza kwenye kompyuta kwa skana kama anavyoskani kila kitu: alama ya vema kwenye "Otomatiki", nyingine kwenye "Rejesha Rangi", huyo, kaenda kupiga soga mlangoni. Rejesha rangi! Kwani ilisafiri?

Fundi akaitazama picha. Halafu akauliza, huyu nani?

Mama yako, Bosi akasema.

"Mama yangu alikuwa mweusi tii, anang'aa. Huyu mmempaka majivu. Na gauni hili nilimshonea mimi, la kwanza kushona maishani mwangu. Manjano ya kiini cha yai! Hili ni la maji ya kufulia."

Bosi: filamu imezeeka, mama.

"Hata mimi nimezeeka, bwana mdogo. Mbona sijawa kijivu?"

Niliinama kufagia ili nisicheke. Ametupa hadi Jumamosi. Isipokuwa sawa anachukua filamu yake, na hakanyagi tena pale. Alipotoka tu, Bosi akanigeukia. Mama Chiriku, wewe si unajifanya una jicho? Haya, fanya. Ukiweza, skana ni yako, nakuandika kazi. Ukishindwa, fagio lako lile pale.

Skana yangu! Nimemwambia Chiriku. Akasema, "Na yangu."

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimebonyeza kila kitu. "Mwanga wa Jua" — mama wa watu akawa bluu. "Ngozi Asilia" — ngozi ya nani? Akatoka waridi kama mdoli wa dukani.

Lakini ujinga wa Otomatiki nimeushika. Inatafuta kitu cheupe kwenye picha. Isipokiona, inakilazimisha. Pale hakuna cheupe hata kimoja: ukuta wa udongo, gauni la manjano, mama mweusi. Basi mashine inajisemea manjano yamezidi, inayafyonza, na uso nao unafyonzwa humo humo. Mimi niliyeishia shule ya msingi nimeliona hilo. Nikamweleza Bosi. Akavua miwani yake ya jua (anaivaa ndani, halafu anahukumu rangi!) akasema yuko kwenye fani miaka ishirini, mashine haijakosea hata siku moja. Sawa. Mapacha hao.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Waridi. Kijani. Waridi tena. Bosi anapita nyuma yangu anapiga mluzi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mjinga ni mimi!

Asubuhi namfunga Chiriku viatu, naye na mchezo wake. Mama chungwa. Mama. Mama chungwa. Mkono wangu ukasimama kwenye kamba. Mtoto hatafuti cheupe. Yeye anajua chungwa ni la filamu, si la mama yake. Akiliondoa hilo tu, mama anabaki alivyo.

Nikafika kazini mbio. Nikazima Otomatiki, nikazima na huko kurejesha. Nikatoa kipande kitupu kwenye pipa la taka, nikakiskani, nikaionyesha kompyuta: rangi ya filamu yenyewe ni hii, ondoa hii tu, nyingine usiguse. Kisha nikaweka picha ya mama.

Karibu! Karibu kabisa! Manjano yamerudi. Ila usoni kuna ukijani, kama mtu aliyepanda mashua akachafukwa. Nikalinganisha: machungwa hayafanani. Kila filamu ina lake. Nahitaji kipande cha filamu hiyo hiyo, na kishikio kinachobana filamu kwenye skana kinafunika kingo zake zote, nachungulia bure.

Nikamuuliza Bosi mwanzo wa filamu ya fundi uko wapi. Akasema alishakata, wiki iliyopita. Na si wewe ndiye unayeokota kila siku?

Mungu wangu. Uko nyumbani kwangu.

Wiki iliyopita nilimletea Chiriku vipande vitano; vinne nimevipata kwenye kopo la midoli. Mama yangu ananitazama nikiwa nimepiga magoti, anauliza kama kazi waliyonipa ni ya kuokota takataka. Nimemwambia ndiyo, na ina ngazi zake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Vyote vinne si vyenyewe. Nimeviunganisha na filamu ya fundi, kimoja kimoja, kama vitambaa vilivyochanika. Bosi hakati hata mstari mnyoofu, asante kwake, mkato wake haufichiki. Hakuna kinachooana.

Jioni nimemuuliza Chiriku cha tano kiko wapi. Akafunga mdomo. Yeye! Akafunga mdomo! Nikajua.

Nimekitoa mdomoni mwake, kimetafunwa. Nimekifuta kwa kitambaa cha pamba. Meno yake yote yapo pale, madogo, yamejipanga. Nimembusu, nikamkaripia, nikambusu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika hapa hapa chumba cha nyuma, skana inatembea. Polepole, kama imelazimishwa.

Kimeoana! Mkato kwa mkato, hata ule upinde ambapo mkasi uliteleza. Niliskani sehemu isiyo na meno.

Mbele nasikia sauti ya fundi. Amefika. Bosi anamwambia kwa ile sauti yake ya sukari kwamba tumefanya kila linalowezekana, ila filamu, mama, filamu. Tumefanya! Yeye na nani? Ile ya majivu ameshaitia kwenye bahasha nzuri.

Mstari unashuka kwenye kioo cha kompyuta, picha inafunuka nyuma yake. Kilemba. Chekundu! Wiki nzima nilidhani ni cha kahawia. Paji la uso — jamani. Jeusi. Linang'aa. Si majivu, si kijani —

Bosi ananiita. Mama Chiriku, njoo umwambie mwenyewe mama kwamba imeshindikana. Naenda. Namleta fundi huku ndani, akae kwenye kiti changu, kabla mstari haujafika machoni, ili wa kwanza kumwona awe binti yake.