Tasa Haizai

Laini Saba, Kibera
Jumapili

Kwa Dada Nafula,

Pokea salamu zangu, na uwagawie wengine kabla hujazimaliza peke yako. Goti linaendeleaje? Na ng'ombe, bado anapiga teke kila mtu isipokuwa wewe? Mimi ni mzima. Asubuhi navuka reli kwenda Nyayo Highrise kufulia watu nguo, kisha nakwenda chuoni. Vidole vimechubuka kwa sabuni, ila kalamu vinashika.

Nilianguka mtihani wa kwanza wa aljebra. Usishtuke, nitaurudia. Sababu yake ndiyo nataka uisikie kwangu.

Unakumbuka katika somo la Kiswahili tulikariri aina za nambari: witiri, shufwa na tasa? Tasa ni kama saba: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sasa swali liliuliza kama ni kweli kwamba nambari zote nyingine, kuanzia mbili, hutokana na kuzidisha nambari tasa. Nikajibu si kweli, maana tasa haizai. Nikatetea hoja hiyo kwa mistari sita. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akaandika, "Nani alikuambia?"

Akinyi, ninayekaa naye chumba kimoja na kusoma naye, alicheka mpaka akakalia ndoo. "Nekesa, yaani umefeli math juu ya Kiswahili?"

Nilicheka pia, halafu nikalia, kwa sababu nilijua nani aliniambia. Ni mama mkwe wako, siku walipokurudisha kwetu na sanduku lako, akilitamka neno hilo langoni majirani wakisikia. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kumsamehe.

Akinyi akanipa kalamu. "Vunja sitini." Nikavunja mpaka nikabaki na mbili, mbili, tatu na tano, zote tasa. "Haya, zidisha urudi." Nikarudi sitini. Nikajaribu tisini na moja, nikapata saba na kumi na tatu. Alasiri nzima nilivunja nambari, na kila nilipofika chini kabisa niliwakuta hao hao tasa, wamewabeba wengine wote. Aliyewapa jina hilo hakuwatazama vizuri.

Juzi kwenye simu nilikuomba niandike jina lako katika fomu ya chuo, pale penye mzazi. Ukasema, "Andika mjomba. Mimi si mama ya mtu," ukakata. Iliniuma, Dada. Mama alinizaa akatangulia, Mungu amlaze pema. Lakini nani alinikeshea nilipougua surua? Nani alinifunza kuhesabu kwa punje za mahindi, na kunichapa nilipozitafuna?

Nisalimie nyanya, anayeamini Nairobi hakuna wimbi wa uji, na mjomba Wanjala, fundi wetu wa baiskeli. Mwambie asinune, jina lake halikuenea kwenye ule mstari.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Penye mzazi nimeshaandika Nafula, tena kwa wino. Wewe tia sahihi tu.

Ni mimi mtoto wako,
Nekesa