Tundu la Upana wa Kiganja

Quetta, 2 Desemba 1993

Kaka yangu Khudadad,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, isipokuwa goti la Mama, limeanza tena kulalamikia baridi. Wifi Mahgul anakusalimu. Tumbo limekua hata hawezi kuinama kwenye tanuri, kwa hiyo siku hizi mwenye kuunguza mikate ni mimi. Na wewe hujambo huko Muscat?

Jiko ulilotununulia limefika. Lile la makaa tumelipeleka uani. Fundi Barat amekuja kulifunga hili la gesi ukutani, chumbani kwa wifi. Kijitabu chake nimekisoma chote kwa msaada wa kamusi. Halina dohani, Kaka. Linakula hewa ya chumba, na linachotema kinabaki humo humo na sisi. Ndiyo maana kijitabu kinataka tundu moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, yasizibwe kamwe. Kinasema pia lisiwekwe chumba cha kulala. Nilipomwambia Fundi Barat, alicheka mpaka akakaa chini.

"Binti, wakati wa baridi hapa kwetu kuna chumba kisicho cha kulala?"

Lakini alinisikiliza. Alifunga bomba la shaba badala ya mpira, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, kisha akatoboa matundu mawili ya upana wa kiganja. Mama alisimama mlangoni.

"Tunampasha joto mjukuu wangu au tunawapasha majirani?"

"Ni ya hewa, Mama."

"Mimi nimezaa sita bila hewa yako."

Moto wake ni wa buluu, mzuri sana. Ukigeuka njano, ujue unakosa hewa. Nimemfundisha wifi.

Mdogo wako,
Tahira


Muscat, 15 Desemba 1993

Mwalimu wetu Tahira,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, mgongo tu ndio umekuwa wa saruji kwa kuibeba kutwa. Nilijua nikituma jiko nitajibiwa kitabu! Wenzangu chumbani wanasema wewe uje huku uwe injinia, mimi nirudi nikaunguze mikate.

Mstari unaofuata msomee Mahgul peke yake, kwa Mama uuruke: mwambie ninaikumbuka hata sauti yake akiniita kwa hasira.

Kaka yako,
Khudadad


Quetta, 4 Januari 1994

Kaka, salaam, na hongera!

Umekuwa baba. Ni mtoto wa kike, amezaliwa Jumamosi theluji ikianguka. Ana paji lako lile lile, kama mtu aliyedhulumiwa sokoni. Wifi hajambo, anakunywa mchuzi wa nyama kavu. Jina tunalisubiri kutoka kwako.

Ule mstari nilijaribu kuuruka, nikawa mwekundu. Mama akasema, "Soma chote." Nikasoma. Wifi alijifunika shuka mpaka kichwani.

Sasa nina ombi. Wifi na mtoto hawatoki mpaka arobaini itimie, wasiguswe na upepo, na Mama anasema upepo wenyewe ni matundu yangu. Juzi nilikuta la chini limejazwa soksi zako za zamani. Nikazitoa. Jana ilikuwa blanketi. Nikalitoa. Ananiita kitabu chenye miguu. Hatujagombana, ila mimi nikisema neno haliingii, na wewe ukisema linaingia. Tafadhali mwandikie asizibe. Neno hilo moja tu, Kaka.

Mdogo wako,
Tahira


Muscat, 16 Januari 1994

Mama yangu mpenzi, na wewe Tahira,

Salaam zangu zote. Nimelia kazini mbele ya watu, na msimamizi amenipa chai. Mwiteni Bahar, yaani majira ya machipuko, kwa sababu likizo yangu ni majira hayo, milozi ikichanua.

Kuhusu matundu. Tahira, najua unasoma na una nia njema. Lakini waliokiandika kijitabu kile hawaijui baridi ya Quetta. Mama ametulea sita vyumba vikiwa vimefungwa. Mimi naogopa zaidi upepo wa theluji kwa mtoto wa siku chache. Mama, ziba mpaka arobaini ipite, kisha Tahira afungue hata kumi.

Usininunie, mdogo wangu.

Kaka yako,
Khudadad


Muscat, 6 Februari 1994

Tahira,

Sijui nianze na salamu gani. Simu ya maandishi ya Mjomba ilikuwa na maneno machache tu: Mahgul na mtoto wametutoka, hewa ya jiko, wameshazikwa. Hati yangu ya kusafiria anayo tajiri. Anasema nisubiri.

Naomba jambo moja. Barua yangu ya Januari ilifika lini? Nijibu wewe. Wewe hujui kudanganya.

Khudadad


Quetta, 18 Februari 1994

Kaka,

Barua yako ilifika Jumatano mchana. Tulikuwa tumelizunguka jiko, wifi amempakata mtoto. Niliposoma jina, alilirudia mara tatu, "Bahar, Bahar, Bahar," akicheka. Kisha nikafika kwenye matundu. Niliyaona maneno kabla hayajanitoka mdomoni. Mama hajui kusoma, wifi pia hajui. Ningeweza kuruka. Nilisoma kama ulivyoandika.

Mama hakunicheka. Alinishika bega, akasema, "Umesikia, mwanangu." La chini akaliziba kwa kitambaa, la juu kwa mto. Nilimwambia wifi awe anatazama rangi ya moto.

"Nikiwa nimelala nitatazama na nini, wewe?"

Tukacheka sote. Alfajiri Mama alikwenda kumwamsha. Moto ulikuwa bado unawaka, mdogo, wa njano. Wifi alikuwa amelala ubavu, mkono wake juu ya mtoto.

Mama sasa analala dirisha likiwa wazi. Theluji inaingia mpaka kwenye mkeka, na hataki nilifunge.

Hapana. Hii siitumi.


Quetta, 18 Februari 1994

Kaka mpendwa,

Assalaam alaykum. Mama anajitahidi kula. Nami najitahidi.

Umeniuliza. Barua yako ilifika baada ya khitma ya siku ya tatu, watu wakikunja majamvi. Hakuna aliyeisikia. Matundu yalizibwa na theluji kutoka nje, nasi hatukujua. Si wewe, Kaka. Si Mama.

Jina nalo lilichelewa. Nitaliandika mwenyewe kwenye jiwe.

Jiko tumelifungua ukutani, na bomba Fundi Barat ameliziba.

Mdogo wako,
Tahira


Muscat, 3 Machi 1994

Tahira, mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Alhamdulillahi ilichelewa. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini pale pale barabarani. Sasa ninakula kidogo. Ile ya Januari ichome, usimsomee Mama kamwe.

Linaloniuma sasa ni dogo, utanicheka. Mahgul hakulisikia jina. Nililitafuta usiku mzima, na yeye hakulisikia. Wewe ulikuwa naye kila siku. Unadhani angelipenda?

Kaka yako,
Khudadad


Quetta, 14 Machi 1994

Kaka yangu,

Salaam. Mlozi wa uani umechanua.

Angelipenda. Nadhani angelirudia mara tatu, huku akicheka.

Mdogo wako,
Tahira