Daftari la Balozi

Jumatano, Hedaru

Eti mfungwa hana pembeni! Tangu nitoke gerezani, kila jioni lazima nimweleze balozi wa nyumba kumi nilikokwenda, naye aandike daftarini. Tena dukani kwake, mbele ya wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana hukuonekana."

Nikaomba tusogee pembeni, ndipo akanijibu kwamba mfungwa hana pembeni. Basi nikasema: nilikuwa hospitali kule Gonja, mke wangu amejifungua, mtoto amefariki. Akaandika taratibu, akauliza saa ngapi.

Nyuma yake sabuni zimejaa rafu nzima. Mimi, enzi za uhaba, nilifungwa kwa kuficha katoni mbili tu.

Mama yangu nilitaka asikie habari hiyo kutoka kwangu. Nilipofika nyumbani, majirani waliotoka dukani walikuwa wameshatandika mkeka, wanalia naye.